Miti ya kwetu kwenye mfinyanzi wa Dodoma

Miche mingi ninayoiona ikifa Dodoma haifi kwa kiu, inakufa kwa maji. Najua maneno haya yanashangaza katika mji unaopata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga mpaka mwaka unapokaribia kwisha. Lakini mimi naishi kwa kitalu cha miche ya asili na kwa kuitwa majumbani mwa watu kuangalia kwa nini bustani imegoma. Mara nyingi ninapochimbua mche ulionyauka nakuta mizizi imeoza. Mwenye nyumba aliuona unanyauka akaongeza maji, ukanyauka zaidi, akaongeza tena.

Kazi hii imepamba moto tangu 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, ingawa uamuzi wenyewe ni wa tangu 1973. Viwanja vimepimwa kila upande, nyumba zimeota, na wengi waliohamia wametoka Dar es Salaam, Morogoro, Arusha, kwenye udongo mwingine kabisa. Wanataka kivuli, na siku hizi wengi wanataka miti ya asili. Hilo linanifurahisha sana. Ugumu unaanzia kwenye udongo. Huku juu kwenye miinuko tuna udongo mwekundu unaoshikamana na kukauka ukawa mgumu; kule bondeni kuna ule mweusi wa mbuga, mfinyanzi mtupu, unaonata kwenye viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi mpaka mkono unaingia. Udongo uleule unaouzamisha mche mwezi wa kwanza ndio unaoubana mizizi mwezi wa tisa. Asiyeuzoea huona majani yamelegea akadhani nyakati zote mbili mti unalia kitu kimoja.

Mama mmoja upande wa Nkuhungu aliniita kwa ajili ya mkwaju wake. Nilipofika, baada ya shikamoo, alinionyesha bila kuzunguka: "Fundi, namwagilia asubuhi na jioni, samadi nimeweka toroli zima, sasa huu mti unataka nini tena?" Nilichimba taratibu kuuzunguka. Juu udongo ulikuwa mkavu, umefanya magamba. Kwenye kina cha kiganja ulianza kunata. Nilipofika chini maji yalichuruzika kutoka kwenye ukuta wa shimo, ikapanda harufu ya yai viza. Mizizi ilikuwa myeusi. Nikiivuta kwa vidole gamba linavuka na kubaki uzi mwembamba katikati. Kuta za shimo zilikuwa laini, zinang'aa, na alama za chepe bado zinaonekana vizuri. Kijana aliyechimba alichimba masika, udongo umelowa, na kila pigo la chepe lilisiliba ukuta. Kisha ndani wakajaza mchanganyiko laini wa samadi na mchanga. Walikuwa wamefinyanga chungu, wakapanda mti ndani yake.

Maji huingia upesi kwenye udongo ule laini, yakifika kwenye ukuta uliosilibwa hayana pa kwenda. Mizizi inakosa hewa. Na samadi iliyozikwa chini, hasa ikiwa mbichi, inaoza kwenye maji hayohayo na kumaliza hata hewa kidogo iliyobaki. Ndiyo maana siweki tena kitu cha kunenepesha ndani ya shimo kwenye mfinyanzi. Narudisha udongo uleule uliotoka, nimeuvunjavunja, na mboji naitandaza juu. Mizizi ikikuta ndani na nje ya shimo ni udongo mmoja, haina sababu ya kujizungusha palepale. Inatoka kwenda kutafuta.

Mchanga nao naomba watu wauache. Nimekuta nyumba ambako lori zima limemwagwa uani na kuchanganywa na mfinyanzi ili "kuulainisha". Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hujipanga katikati ya chembe ndogo, na ukikauka unapata kitu kinachofaa kujengea. Ili mchanga ubadilishe tabia ya mfinyanzi unapaswa kuwa mwingi kuliko mfinyanzi wenyewe, na hakuna mwenye bustani ya kawaida atakayefika huko. Kinacholegeza mfinyanzi ni majani yaliyooza, mizizi, minyoo, mchwa, na muda.

Kabla ya kushauri chochote huwa naomba glasi na maji ya mvua, au ya chupa kama mvua hakuna. Naokota bonge dogo la udongo mkavu, ukubwa wa punje ya hindi au kidogo zaidi, nalidumbukiza bila kukoroga, tunaliacha huku tunazunguka kiwanja. Likimeguka na kulala chini huku maji yakibaki maangavu, udongo unakosa mboji tu. Likizungukwa na wingu kama la maziwa linalotanda polepole mpaka glasi nzima inatibuka, hapo udongo una magadi, na chembe zake zinaachana zikiguswa na maji, kisha zinaziba kila tundu. Udongo wa namna hiyo mboji peke yake huusaidia taratibu mno. Jasi iliyosagwa ndiyo dawa yake, nayo inachimbwa hukuhuku Kanda ya Kati, Itigi mkoani Singida. Inanyunyizwa juu kabla ya mvua ili maji yaipeleke chini. Nimeona watu wakinunua jasi kwa sababu jirani kanunua, wakati bonge lao lilibaki kwenye maji maangavu. Hiyo ni fedha inayopotea bure.

Wakati wa kuchimba ndio jambo ninalolirudia kuliko yote. Mfinyanzi uliolowa usiuguse, na mkavu kabisa utavunja sururu. Shika donge, liminye: likitoka kati ya vidole kama utepe unaong'aa, ondoka, rudi baada ya siku kadhaa. Likimeguka, anza kazi. Kwa hapa kwetu wakati mzuri kuliko wote wengi hawaufikirii: mwisho wa Aprili au Mei, mvua inapoaga na ardhi bado ina unyevu. Chimba mashimo ya Desemba wakati huo. Yaache wazi, yajae majani makavu na vumbi, kuta zake zipasuke zenyewe kwa jua la kiangazi. Funika kwa miiba kama kuna watoto. Desemba ikifika hutagombana na ardhi. Kama umechelewa na ni Oktoba, chimba kibakuli kifupi jioni, mwaga ndoo ya maji, urudi kesho yake au keshokutwa udongo ukiwa umelegea.

Anayedhani nguvu inaushinda udongo huu aende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na kung'oa mapori na mibuyu. Mfinyanzi ulilainika kwenye mvua, ukakauka ukawa mgumu kiasi kwamba kuzitoa karanga ardhini ikawa mtihani, na mchanga mkali uliochanganyika humo ukala vyuma vya majembe. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele maeneo hayohayo walijua ni lini ardhi inafungua na ni lini imefunga.

Shimo langu ni pana kuliko kina. Kina ni cha kiriba tu, yaani ule mfuko wa mche, upana mara tatu yake, na kuta nazichokonoa kwa mtaimbo zibaki na makovu ili mizizi ipate pa kupenya. Bondeni kwenye udongo mweusi hata hivyo sitoshelezwi na hilo. Nainua tuta la kimo cha kiganja na zaidi na kupanda juu yake. Pale shina linapokutana na mizizi lazima pabaki juu ya usawa wa ardhi, na udongo utashuka kidogo baada ya mvua za mwanzo, kwa hiyo panda juu zaidi ya unavyodhani. Mche uliozikwa shingo kwenye mfinyanzi hauna muda mrefu.

Hapo huulizwa swali la haki: kama mvua yenyewe ni haba, kwa nini nauinua mti mbali na maji? Siuweki mbali. Upande wa chini wa mteremko nachora kinga ya nusu mwezi kwa udongo niliochimbua, maji ya mvua yasimame pale yaingie ardhini, na mche unakaa pembeni ya dimbwi, juu ya kijituta chake. Mizizi inayafuata maji yenyewe. Shina halisimami ndani yake. Maji yakidumu kwenye kinga zaidi ya siku mbili tatu, punguza ukingo, kwa sababu ya mizizi na kwa sababu ya mbu.

Sasa nizungumzie ufagio, maana hapa ndipo nimebishana na watu kwa upendo kuliko mahali pengine popote. Tumelelewa kwamba uwanja safi ni uwanja uliofagiliwa, mistari ya chelewa inaonekana, jani halipo. Majani yanakusanywa, yanachomwa moto. Kwenye mfinyanzi, kila asubuhi unayofagia unaondoa chakula cha udongo na kuacha uso mtupu. Tone la kwanza la mvua linapiga ule uso, chembe zinaziba, gamba linaundwa, na mvua nzuri ya Januari inatiririka kwenda barabarani huku chini ya gamba pakiwa pakavu. Najua ufagio ni heshima ya nyumba, na sijawahi kumwambia mama wa mtu aache kufagia. Tunagawana kiwanja: njia, mbele ya mlango na mahali pa kuketi vifagiliwe kama kawaida, chini ya miti majani yaliyofagiliwa kwingine yaletwe yatandazwe. Namweleza pia dada wa kazi, tena namweleza yeye kwanza, kwa sababu ndiye anayeshika ufagio na ndiye atakayeona mche umeota.

Matandazo Dodoma hayana shida kupatikana. Mabua ya mtama na uwele, maganda ya karanga, maganda ya alizeti kutoka kwenye mashine za kukamua mafuta, majani ya miti yenyewe. Tandaza unene wa kiganja kilicholazwa, acha nafasi ya upana wa mkono kuzunguka shina. Mchwa watakuja, hilo halina mjadala. Watu wanaogopa, wanakimbilia dawa. Mchwa wakiwa na mabua makavu ya kutosha huyala hayo, wanatoboa udongo na kushusha mboji chini bila wewe kugusa jembe. Wanaposhambulia mche ulio hai mara nyingi ni mche uliokwisha kudhoofika, kwenye uwanja uliofagiliwa ambako hakuna kingine cha kula. Hofu ya nyoka siipuuzi hata kidogo. Karibu na milango na madirisha pabaki wazi, na nyasi zikatwe fupi.

Kiangazi udongo mweusi ukipasuka, usikimbilie kuziba nyufa kwa udongo. Hapo ardhi imejilima yenyewe kina ambacho jembe halifiki. Mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla ya mvua, chukua samadi iliyoiva na kukauka, ipondeponde, ifagilie ndani ya nyufa (hapo ufagio una kazi yake). Mvua ikija udongo unavimba na kufunga, na mboji imebaki chini. Ukifanya hivyo kila mwaka utaona nyufa zinapungua upana chini ya miti. Penye matandazo karibu hazionekani tena, na mizizi midogo haikatwi udongo unapojivuta.

Kwenye viwanja vipya kuna jambo jingine, malori ya ujenzi. Yameshindilia ardhi na juu yake umemwagwa udongo wa msingi uliochanganyika na saruji. Hapo sipandi mti mwaka wa kwanza. Naondoa kifusi, napanda mbaazi kwa wingi. Mbaazi ni mgeni, lakini mzizi wake unashuka ambako mtaimbo unadunda, majani yake yanarudi ardhini, na nyumba inapata mboga. Baada ya msimu mmoja au miwili naikata usawa wa ardhi, naacha mizizi ioze humohumo, napanda miti katikati ya visiki vyake.

Kumwagilia sasa. Mche wa asili nao ni mchanga na unahitaji maji kiangazi chake cha kwanza, pengine na cha pili. Usiupe kikombe asubuhi na kikombe jioni. Maji ya juujuu huilea mizizi juujuu, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, kwa hiyo kila unyunyizo mdogo unaokauka unaacha utando mweupe pale pale mizizi ilipo. Mimi hutoboa dumu la lita 20 tundu dogo chini kwa msumari mwembamba, naliweka kando ya mche upande wa juu wa mteremko, lidondoke usiku kucha. Kisha nasubiri. Kabla ya kurudia nachoma kijiti kirefu ardhini: kikitoka na tope, siongezi hata tone, hata kama jani la juu limelegea saa nane mchana. Maji ya mvua kama una tangi yawekee miche, ya kisima yaende kwingine.

Kuhusu kuchagua miti, kwanza tuelewane ipi ni ya kwetu. Mwarobaini asili yake ni India, mjohoro ni wa Asia ya Kusini Mashariki, mkrismasi ni wa Madagaska. Sina ugomvi nayo, kivuli cha mwarobaini kimetusitiri wengi, lakini muuzaji akikuuzia kama miti ya asili ya Dodoma amekudanganya. Bondeni kwenye mfinyanzi mweusi natumia mgunga, kikwata, mjunju, na penye nafasi mwegea. Kwenye miinuko inayopitisha maji, mkwaju, mkole, mmulimuli kwa ajili ya yale maua ya njano yanayotangulia mvua, na mpingo kwa mwenye subira na watoto. Mbuyu haupendi kusimama majini ukiwa mdogo, na usiuweke karibu na ukuta. Unapanda kwa ajili ya watu ambao hutawaona. Shubiri inapendeza sana, ila iwe juu ya tuta lenye changarawe, vinginevyo inaoza.

Nunua mche mdogo. Unaofika kiunoni ndani ya kiriba kidogo umekaa humo kupita kiasi, na ukipasua kiriba utaona mizizi imejizungusha chini. Ikiwa hivyo kata ule mzunguko kwa kisu kikali kabla ya kupanda. Kwenye mfinyanzi mzizi uliojikunja haujinyooshi wenyewe.

Na tafadhali usiung'oe mti Agosti. Mingi ya miti yetu hupukutisha majani kiangazi, mbuyu na mmulimuli ikiwamo, na mche mdogo usio na jani unafanana na kijiti cha kuwashia moto. Nimefika nyumba ambako miche mizima ilikuwa imetupwa kwenye lundo la takataka, mizizi bado minene na myeupe. Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, mti umelala, uache.

Kabla ya kununua hata hiyo miche, zunguka kiwanja uangalie kilichopo. Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka sana. Kwa wafugaji ulikuwa uamuzi mchungu, na sioni sababu ya kuuficha uchungu huo. Ardhi nayo ilijibu: nyasi na vichaka vilirudi, sehemu kubwa bila kupandwa na mtu. Vijijini siku hizi wanafundisha kisiki hai, yaani kulea chipukizi za kisiki kilichopo badala ya kupanda mche, na kinafaa uani vilevile. Kile kichaka unachokifyeka kila mwaka pembeni ya ukuta huenda ni kisiki cha mgunga chenye mizizi ya miaka mingi ndani ya mfinyanzi huohuo unaokushinda. Chagua chipukizi mbili au tatu zilizonyooka, kata nyingine, pogoa matawi ya chini, funga kitambaa ili asiyejua asikate, zuia mbuzi. Utapata kivuli kabla ya jirani aliyenunua mche. Mtundulu nao nauacha kwenye mpaka, ila naudhibiti, maana huchipuka kutoka mizizini na kutaka kiwanja kizima.

Penye uwazi, panda mbegu palepale mti utakapoishi, mzizi ushuke bila kukutana na kiriba. Mbegu za mgunga ziko bure kwenye mazizi ya mbuzi, zimekwisha kupita tumboni na kulainika gamba. Za mbuyu zimwagie maji yaliyochemka, ziache humo mpaka kesho. Subiri mvua iliyolowesha ardhi vizuri, katikati ya Desemba au mwanzoni mwa Januari, fukia mbegu tatu kwenye kijituta kwa kina cha pingili ya kidole, weka miiba kuzuia kuku na mbuzi, na kijiti cha alama kwa ajili ya anayefagia. Ikiota yote mitatu, chagua mmoja, miwili iliyobaki uikate kwa mkasi usawa wa ardhi. Usiing'oe, kwa sababu chini mizizi yake imeshashikana na ya ule unaoubakiza.